Malenge ya Mbegu: Kuchavusha ni Asubuhi Moja, Kungoja ni Miezi Mitatu

Vikundi vingi hulima malenge (wengine huyaita maboga) kwa sababu majani ni mboga na tunda linajaza sufuria. Lakini kila msimu swali la mbegu linarudi. Mama anakula malenge tamu, anaweka mbegu zake vizuri, anazipanda, halafu anavuna kitu kingine kabisa: nyama nyembamba, maji matupu, na rangi asiyoijua. Basi anasema shamba limechoka. Shamba halina neno. Ni nyuki.

Malenge huwa na maua ya namna mbili juu ya mmea mmoja. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba na ndani yake mna chavua, yaani ule unga wa manjano. Ua jike limekalia kijilenge kidogo. Nyuki ndiye anayebeba chavua kutoka dume hadi jike, na nyuki hajui mpaka wa shamba. Aweza kuruka kilomita 2 au 3 akitafuta chakula. Akija na chavua ya malenge ya jirani, ya aina nyingine, tunda la mwaka huu halitabadilika, kwa maana ganda na nyama ni vya mama. Baba yumo ndani ya mbegu, na hamtamwona mpaka mzipande. Ndiyo sababu watu wengi hawashuku lolote. (Mumunye, tango na tikiti msiviogope, havizaani na malenge.)

Dawa yake ni kuchavusha kwa mkono. Jioni, pitieni shambani mtafute maua yatakayofunguka kesho. Mtayajua kwa ncha zao, zimeanza kuwa manjano lakini bado zimefumba. Fungeni ncha kwa uzi, au mzibane na pegi ya nguo, dume na jike pia, ili nyuki asitangulie. Asubuhi mapema, kabla ya saa tatu, chumeni maua dume 2 au 3 kutoka mimea mingine ya aina hiyo hiyo, mbandue petali zake, mfungue ua jike na kupaka ule unga katikati yake. Kisha lifungeni tena papo hapo. Nyuki akiwahi kuingia katikati ya kazi, liacheni hilo, mtafute jingine. Fungeni uzi wa rangi kwenye kikonyo, bila kukaza maanake kitanenepa. Chagueni maua jike ya kwanza kwanza, kwa kuwa mmea uliokwisha beba matunda mengi huangusha machanga.

Kwa siku chache mtajua. Likishika, linavimba. Lisiposhika, linageuka manjano na kuanguka, nanyi mjaribu jingine.

Sasa tufike penye shida yenyewe. Kazi ya asubuhi ile hakuna anayeshindwa nayo. Kinachowashinda watu ni kungoja. Malenge la mwezi mmoja ni kubwa, linapendeza, na nyumbani kuna njaa. Mtu akilipasua anaona mbegu nyeupe, kubwa, anafurahi ati amepata. Lakini ganda la mbegu hukua kwanza, kiini hujaa baadaye. Bonyezeni mbegu hizo kwa vidole: ni bapa, tupu ndani, kama bahasha isiyo na barua. Zikipandwa, nyingi haziti, na zinazoota zinatoa miche dhaifu.

Liacheni shambani siku 50 hadi 60 tangu kuchavushwa. Litakuwa tayari kikonyo kikikauka na kuwa kigumu kama kuni, na ukucha wa kidole gumba ukishindwa kuingia kwenye ganda. Likateni na kikonyo chake, wala msilibebe kwa hicho kikonyo, kikivunjika uozo unapata mlango. Halafu mlingoje tena! Liwekeni wiki 4 hadi 6 mahali pakavu penye hewa, juu ya rafu au jamvi, mbali na panya. Huko ndani mbegu bado zinaendelea kukomaa. Msipitilize miezi mingi, maanake mbegu zaweza kuotea humo humo ndani.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana ni majani. Mmea ule ule mnaongojea mbegu ndio mama wa nyumbani anaochuma seveve jioni. Majani ndiyo yanayolisha tunda. Mmea ukichumwa kila siku, tunda litaiva kwa jina tu. Sisi tunaona heri kila kikundi kitenge mimea 5 au 6 ya mbegu, iwekewe vijiti, na watoto waambiwe wazi kwamba hapo hapachumwi. Mimea mingine ichumwe kama kawaida.

Hesabu ya msimu inaingiana vizuri. Anayepanda mwisho wa Machi kwa mvua ndefu atapata maua mapema Juni. Atavuna mwanzo wa Agosti, atapasua katikati ya Septemba, na mbegu zitakuwa kavu mvua fupi zikianza Oktoba.

Wengine watauliza, je, si ni kupoteza chakula? Hapana. Siku ya kupasua, mbegu zinatoka na nyama inaingia sufuriani, na itakuwa tamu kuliko ingekuwa Agosti, kwa kuwa wanga wake umegeuka sukari. Mlichokopesha ni muda.

Ila onjeni kwanza kipande kidogo. Kikiwa kichungu, temeni, tunda litupwe lote na mbegu zake zote zisipandwe. Uchungu ule ni sumu, na kupika hakuiondoi. Agosti 2015 huko Ujerumani, mzee wa miaka 79 alikufa baada ya kula zukini chungu zilizolimwa nyumbani, na zukini ni ndugu wa malenge.

Mbegu zioshwe, zianikwe kivulini juu ya ungo kwa wiki 2 au 3, zikigeuzwa kila siku. Kwenye bati la moto zitapikika, kwenye gazeti zitagandama. Ikikunjwa ikavunjika tak, imekauka. Pepeteni zile nyepesi, changanyeni za matunda yote ya aina hiyo, mziweke kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na jivu kavu, na mwandike aina na mwaka. Zikikaa kavu zitafaa miaka kadhaa. Mbegu ya haibridi ya dukani msiihangaikie, watoto wake hawatafanana naye hata mkichavusha kwa mkono.

Wiki moja hivi kabla ya kupanda, funikeni mbegu 10 ndani ya kitambaa chenye unyevu na kuzihesabu zikiota. Zikiwa 8 au zaidi, tieni 2 kila shimo. Zikiwa 5, tieni 4. Zikiwa 2, osheni zilizobaki, mzikaange na chumvi mle, kisha mwende kwa mwenzenu aliyengoja.