Nani Humwuliza Nani? Upatanisho wa Kisarufi katika Maelezo ya Usanidi wa Wakala wa Ufuatiliaji wa Seva

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kueleza usanidi wa wakala wa ufuatiliaji wa seva. Mfano unaotumiwa ni wakala wa mfumo wa Zabbix. Inadaiwa kwamba tatizo kubwa la maelezo hayo si uhaba wa istilahi, bali ni kutobainishwa kwa mwelekeo wa mazungumzo baina ya mashine mbili. Inapendekezwa kwamba upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili, iwapo utatumiwa kwa uangalifu, unabainisha mwelekeo huo pale ambapo istilahi za Kiingereza zinaufumba.

1.0 Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi za kompyuta katika Kiswahili imekwisha kupiga hatua. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hiyo imehusu mambo ayaonayo mtumiaji wa kawaida: faili, dirisha, kitufe, barua pepe na mengineyo ya aina hiyo. Mambo yanayomhusu fundi anayezitunza seva hayajashughulikiwa kwa kiasi hicho, ingawa ni fundi huyo ambaye kosa lake dogo linaweza kulifanya shirika zima likose huduma.

Mojawapo ya mambo hayo ni ufuatiliaji. Seva inayohifadhi matokeo ya mitihani au kumbukumbu za wagonjwa haina budi kufuatiliwa saa zote: diski imejaa kiasi gani, kumbukumbu iliyobaki ni kiasi gani, huduma gani imesimama. Kwa kuwa haiwezekani binadamu kuketi mbele ya kila mashine, programu ndogo huwekwa ndani ya mashine hiyo ili ipime na kutoa taarifa. Programu hiyo ndiyo iitwayo wakala. Kuisanidi ni kuiandikia, katika faili maalumu, nani azungumze naye, kwa mlango upi, na kwa jina gani.

2.0 Wakala kama istilahi

Dhana ya wakala katika mitandao si mpya. Itifaki ya SNMP, ambayo ufafanuzi wake ulitolewa mwaka 1988, ilikwisha kutofautisha pande mbili: meneja anayesimamia na wakala aliyemo ndani ya kifaa kinachosimamiwa. Katika itifaki hiyo wakala husubiri maswali kwenye mlango namba 161. Pamoja na hayo, anaweza kupeleka taarifa bila kuulizwa, nayo hupokelewa kwenye mlango namba 162. Yaani tangu mwanzo palikuwa na njia mbili za mazungumzo: kuulizwa na kuarifu.

Neno wakala linafaa kwa dhana hii. Katika Kiswahili, wakala ni mtu atendaye kwa niaba ya mwingine, katika mipaka aliyowekewa. Maana hiyo imeimarika zaidi tangu huduma za fedha kwa simu zilipoenea, kwani msemaji yeyote wa mjini au wa kijijini anamjua wakala aliye kibandani, ambaye si kampuni bali huisimamia kampuni mahali pale. Programu ya wakala nayo si mfumo wa ufuatiliaji. Ni kiwakilishi cha mfumo huo katika mashine ya mbali, na haina ruhusa ya kutenda zaidi ya ilivyoelekezwa.

Neno seva, kwa upande wake, lina utata. Katika mazungumzo ya ufuatiliaji, mashine inayofuatiliwa ni seva, na mashine inayokusanya taarifa ni seva pia. Fundi akisoma kwamba anwani ya seva iandikwe katika faili la wakala, yampasa ajue kwanza ni seva ipi. Kwa sababu hiyo, katika makala haya neno seva limetengewa mashine inayokusanya taarifa. Ile inayofuatiliwa inaitwa mashine tu.

3.0 Vigezo vitatu vya usanidi

Faili la usanidi la wakala wa Zabbix lina vigezo vingi, lakini vitatu ndivyo vyenye uzito wa kwanza:

Server=10.0.0.5
ServerActive=10.0.0.5
Hostname=seva-matokeo

Kwa mtazamo wa haraka, vigezo viwili vya mwanzo vinaonekana kurudia jambo moja, kwani vyote vina anwani ileile. Kumbe kazi zake ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo yaweza kuelezwa kwa desturi ya kupiga hodi.

Katika njia ya kwanza, seva ndiyo inayopiga hodi. Huuendea mlango namba 10050 wa mashine na kuuliza swali, kwa mfano kiasi cha diski kilichotumika. Wakala hutazama kigezo cha Server, ambacho ni orodha ya anwani anazoruhusiwa kuzikaribisha. Anwani ya mpiga hodi ikiwamo, atajibu. Isipokuwamo, atakata mazungumzo na kuandika katika daftari lake la matukio kwamba mgeni amekataliwa. Kwa hiyo Server haimwelekezi wakala aende wapi. Humweleza amfungulie nani.

Katika njia ya pili, wakala ndiye anayepiga hodi. Huiendea seva iliyotajwa katika kigezo cha ServerActive, kwa kawaida kwenye mlango namba 10051, akaomba orodha ya mambo anayotakiwa kupima, kisha hupima na kupeleka matokeo mwenyewe kila muda uliopangwa unapofika. Hapa ndipo kigezo cha Hostname kinapokuwa cha lazima. Apigaye hodi hana budi kujitaja, na jina alitajalo lazima lilingane herufi kwa herufi na lile lililosajiliwa kwenye seva. Kwa mfumo huu herufi kubwa na ndogo ni tofauti: aliyesajiliwa kwa jina la seva-matokeo akijitambulisha kuwa Seva-Matokeo, seva itajibu kwamba haimjui. Katika njia ya kwanza kosa hilo halionekani, kwa kuwa seva humfikia wakala kwa anwani yake wala haimwulizi jina.

Inafuata kwamba usanidi unaweza kuwa sahihi kwa njia moja na mbovu kwa njia nyingine. Aidha, mwelekeo wa hodi ndio unaoamua ni mlango upi ufunguliwe katika ukuta wa kinga wa mtandao. Fundi asiyejua nani anaanza mazungumzo huenda akafungua mlango usiohitajika na kuuacha ule unaohitajika umefungwa.

4.0 Maneno yaleyale, maana kinyume

Kwa Kiingereza, Zabbix huiita njia ya kwanza 'passive' na ya pili 'active'. Majina hayo yametolewa kwa kumtazama wakala: akingoja kuulizwa ni 'passive', akianza mwenyewe ni 'active'.

Lakini katika Nagios, mfumo mwingine mashuhuri uliotolewa mwaka 1999 kwa jina la NetSaint na kubadilishwa jina mwaka 2002, maneno hayohayo yana maana iliyopinduliwa. Huko ukaguzi unaoanzishwa na mfumo wa kati ndio 'active', na ule ambao matokeo yake huletwa na programu ya nje ndio 'passive'. Tendo ni lilelile, majina ni kinyume. Aliyebadilika ni yule anayetazamwa: Nagios hujitazama yenyewe, Zabbix humtazama wakala.

Kwa mwanaisimu hili si ajabu. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa huwa na maana kwa kuhusishwa na kiima. Kivumishi kilichoachwa bila kiima hakina mwelekeo. Ndiyo maana tafsiri sisisi haisaidii hapa. Kusema 'ukaguzi amilifu' na 'ukaguzi tuli' ni kuuhamisha utata wa Kiingereza na kuupa vazi la Kiswahili. Inapendekezwa badala yake kwamba istilahi zitokane na vitenzi vyenyewe: ukaguzi wa kuulizwa na ukaguzi wa kuarifu, huku ikieleweka kwamba anayeulizwa na anayearifu ni wakala katika hali zote mbili.

5.0 Upatanisho kama nyenzo ya ubainishaji

Hoja ya msingi ya makala haya inahusu upatanisho. Waandishi husitasita: je, iandikwe 'wakala anatuma' au 'wakala inatuma', maadamu wakala huyu ni programu? Wapo wanaoona kwamba kisicho na uhai hakistahili kiambishi a-. Linganisha sentensi hizi:

(1) a. Inaiuliza kila dakika.
b. Inaiarifu kila dakika.

(2) a. Inamwuliza kila dakika.
b. Anaiarifu kila dakika.

Katika (1), wakala na seva zote zimewekwa katika ngeli ya i-/zi-. Nomino zikidondoshwa, jambo ambalo ni la kawaida katika maelezo marefu, msomaji hawezi kujua nani ni mtenda na nani ni mtendwa. Katika (2), wakala amepewa upatanisho wa a-/wa- na seva imebaki katika i-/zi-. Hapo viambishi peke yake vinatosha: katika (2a) seva inamwuliza wakala, na katika (2b) wakala anaiarifu seva. Hali ni hiyohiyo katika wingi, kama vile 'zinawauliza' na 'wanaziarifu'.

Ni dhahiri basi kwamba upatanisho wa a-/wa- kwa wakala una kazi ya kimaana, wala si pambo. Isitoshe, hauvunji kawaida ya lugha. Mwanasesere hana uhai, lakini husemwa 'mwanasesere ameanguka'. Kinachohitajika ni mwandishi kushika utaratibu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho wa maelezo.

Yafaa isisitizwe kwamba majina ya vigezo yenyewe hayawezi kutafsiriwa, kwa kuwa programu hutambua maandishi yale tu iliyoundiwa. Kazi ya Kiswahili hapa ni kufafanua. Kwa hiyo Server ielezwe kuwa ni 'wanaoruhusiwa kumwuliza wakala', ServerActive kuwa ni 'anakoarifu wakala', na Hostname kuwa ni 'jina analojitambulisha nalo wakala'.

6.0 Tatizo la ukimya

Umuhimu wa mwelekeo huonekana zaidi pale taarifa zinapokoma. Katika ukaguzi wa kuulizwa, seva iliyouliza ikakosa jibu inajua kwamba imekosa jibu. Katika ukaguzi wa kuarifu, wakala aliyenyamaza hajakataa swali lolote, hivyo ukimya wake waweza kudhaniwa kuwa ni salama. Diski hujaa, na chati hubaki na tarakimu ya mwisho iliyopokelewa.

Kwa sababu hiyo usanidi haukamiliki kwa kuandika faili na kumwanzisha upya wakala. Kwanza, njia ya kuulizwa ijaribiwe kutoka upande wa seva kwa amri ya zabbix_get na swali la agent.ping, ambalo jibu lake ni 1 wakala akiwa hai. Pili, daftari la matukio la wakala lisomwe, kwani humo ndimo hodi zilizokataliwa huandikwa. Tatu, ukimya wenyewe upewe maana: Zabbix ina kanuni ya nodata, ambayo hutoa tahadhari iwapo taarifa haikupokelewa katika muda uliowekwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ugumu wa kueleza usanidi wa wakala wa ufuatiliaji hautokani na Kiswahili kukosa maneno. Wakala, mlango, kigezo na kuarifu yamekuwapo. Ugumu umo katika kufuata majina ya Kiingereza yasiyotaja mtazamo wake. Kitenzi cha Kiswahili, chenye kiambishi cha mtenda na cha mtendwa, kinaweza kubainisha jambo ambalo fundi analihitaji kuliko yote: nani anaanza, na anamwendea nani. Waundaji wa istilahi wanashauriwa wasiishie kwenye orodha za nomino. Wazijaribu istilahi zao ndani ya sentensi kabla ya kuzipendekeza, kwani ngeli iliyochaguliwa bila kufikiriwa yaweza kufuta tofauti ambayo istilahi ilikusudiwa kuitunza.