Sura ya Sita: Stauti ya Oti

Katika ukoo wa bia nyeusi za Uingereza hakuna inayodhulumiwa na wanywaji wenye pupa kama stauti ya oti, kwa kuwa nafaka iliyoipa jina haina makeke: weusi wa bia hii hautoki kwenye oti, bali kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua, harufu yake ya kahawa na kakao ni ya shayiri hiyo hiyo, uchungu wake ni shirika baina ya shayiri na maua ya hopsi, na kileo chake ni kazi ya hamira. Fungu la oti ni lile ambalo jicho halilioni wala pua hailinusi, yaani namna kinywaji kinavyopita juu ya ulimi, na mtu asiye na subira ya kulitafuta huimaliza chupa nzima pasipo kujua amekunywa nini.

Sababu yake ni hii. Oti ikilowekwa katika maji ya moto pamoja na kimea cha shayiri hutoa utomvu uitwao beta-glukani, wenye utelezi kama wa mlenda, na sehemu ya utomvu huo, pamoja na protini nyingi za nafaka hiyo, husalimika katika kuchemshwa na kuchachushwa ikafika mpaka kwenye bilauri. Neema hiyo hiyo humtaabisha mpishi wa bia, maana rojo lenye oti nyingi hushikamana likakataa kuchujika. Tena oti ina mafuta mengi kuliko shayiri, na mafuta ni adui wa povu. Basi aghalabu hutiwa sehemu 5 hadi 10 tu katika kila 100 ya nafaka, na katika kiasi hicho kidogo ndimo ustadi wote ulimo.

Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya kukaanga kimea ndani ya pipa la chuma lizungushwalo juu ya moto, na tangu hapo bia nyeusi zikapata weusi tunaoujua. Mwishoni mwa karne ya 19, oti iliposifiwa kuwa chakula cha afya, kiwanda cha Maclay cha mji wa Alloa, Scotland, kilipata hataza ya stauti ya oti mwaka 1895, na bia za namna hii zikauzwa kwa wagonjwa na kwa mama wanyonyeshao kana kwamba ni dawa. Sifa hizo hazikuwa na asili, na kwa mama mwenye mtoto kifuani kileo ni hatari. Baya zaidi, baadhi ya viwanda vya London vilitia oti chembe tu, zikatosha kuandikwa kwenye karatasi ya chupa lakini zisitoshe kuhisiwa kinywani. Jambo hili nalihesabu kuwa khiyana. Baadaye aina hii ilififia hata ikakaribia kusahauliwa, mpaka mwaka 1980 Charles Finkel, mfanyabiashara wa Seattle, Marekani, alipowaomba wenye kiwanda cha Samuel Smith cha Tadcaster, katika jimbo la Yorkshire, waifufue. Kiwanda hicho kilianza mwaka 1758, huchota maji ya kisima chake chenyewe na kuchachusha bia katika matangi ya mawe, na chupa yake, yenye kileo cha asilimia 5, ndiyo ninayomshauri mwanafunzi aanze nayo.

La kwanza katika kuionja ni kiasi cha baridi. Katika baa zetu mhudumu huuliza, "Ya moto au baridi?", na kwa stauti hii jawabu haliko katika mawili hayo: ubaridi wa barafu huiua harufu na kuunoa uchungu, na joto la mchana wa Mombasa huifanya ichushe. Kiwango chake ni nyuzi 13 hivi, kwa hiyo chupa itokayo kwenye friji na iachwe mezani mpaka ubaridi usiume mkononi. Imiminwe bilauri ikiwa imelazwa, kisha isimamishwe, ili povu la kahawia hafifu linyanyuke taratibu; ukiliinua pambizo la bilauri mbele ya taa, ule uliodhaniwa weusi mtupu hutoa wekundu. Pua itakutana na kahawa, kakao chungu, sukari iliyoungua, na nyuma yake tunda kavu lenye utamu, ambalo ni athari ya hamira.

Funda lisimezwe upesi. Libakizwe juu ya ulimi, lisukumwe polepole kwenye kaakaa, na fikira iondolewe kwenye ladha na kuelekezwa kwenye mguso. Mwenye kutaka hakika na aweke kando yake bilauri ya Guinness, inayofahamika sana Nairobi na Kampala, ambayo imepikwa kwa shayiri iliyokaangwa pasipo oti, ingawa hiyo Guinness ya kwetu ina kileo kingi zaidi. Anywe hii, asuuze kinywa kwa maji, kisha anywe ile. Guinness ikishamezwa huacha ukakasi unaovuta pande za ulimi na kuukausha. Ile ya Tadcaster ina uchungu wa kuungua uo huo, lakini hupita umefunikwa, na kinywa hubaki kimelainika kwa muda kabla uchungu haujajitokeza.