Baiti ya Tisa

Chukua rekodi ya lugha ya C, iite mteja, yenye sehemu mbili: jina, lililotengewa baiti 8, na salio, namba kamili ya baiti 4 inayofuata papo hapo. Weka salio liwe 1000, kisha nakili jina "Mwanaidi" kwa strcpy. Herufi ni 8, zinaenea. Lakini C hufunga kila tungo kwa baiti ya sifuri, na hiyo ya tisa haina pa kukaa ila kwa jirani. Ukisoma salio sasa, unakuta 768.

Dirisha la vigeu katika dibaga, yaani programu ya kusakia makosa, litakuonyesha hivyo hivyo: jina Mwanaidi, salio 768. Utashinda siku nzima ukipekua hesabu za salio, mahali ambapo hakuna kosa lolote.

Sasa fungua kumbukumbu yenyewe, kwa heksadesimali: 4D 77 61 6E 61 69 64 69, halafu 00 03 00 00. Kwenye prosesa za Intel baiti ya thamani ndogo hutangulia, kwa hiyo 1000 ilipaswa kukaa kama E8 03 00 00. E8 imekanyagwa na sifuri iliyogandana na mkia wa jina. Mwenye mazoea ya kusoma safu hizi anaijua ajali hii akiiona.

Ndiyo maana, katika kuunda dibaga, sikubali dirisha la kumbukumbu lihesabiwe kuwa pambo la kuongezwa muda ukibaki. Dirisha la vigeu husoma kila kitu kwa aina za data alizotangaza mwandishi wa programu, kwa hiyo hurudia kile anachokiamini tayari. Baiti hazina imani hiyo.

GDB, dibaga aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1986, ina amri fupi ya kazi hii: x/12xb &mteja, nazo baiti 12 zinachapwa. DDD, sura ya picha iliyojengwa juu yake miaka ya 1990 na Andreas Zeller na Dorothea Lütkehaus huko Ujerumani, ilisifika kwa kuchora data kama visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Kwa upande wa kumbukumbu iliweka fomu: baiti ngapi, kwa muundo gani, kuanzia anwani ipi. Fomu inamwondolea mtu mzigo wa kukariri amri, na huo ni mwanzo mzuri.

Kazi ngumu inakuja baadaye. Dirisha litunze nakala ya baiti kila mara programu inaposimama, lilinganishe, na litie rangi baiti zilizobadilika. Bila hivyo mtu analinganisha kwa macho, na macho huchoka. Tena lisome sehemu inayoonekana tu kwenye skrini.

Pasiposomeka, pabaki wazi. Kujaza sifuri mahali hapo ni kumdanganya mtu aliyekuja kutafuta ukweli, kwa kuwa sifuri ni thamani halali, na katika mfano wetu ndiyo mkosaji mwenyewe. GDB hurahisisha jambo hili: amri yake -data-read-memory-bytes hurudisha vipande vinavyosomeka, kila kimoja na mwanzo na mwisho wake. Uangalifu uzidi kwenye vifaa vidogo, ambako anwani nyingine ni rejista za maunzi. Zipo rejista za hali zinazojifuta zikisomwa tu, na dirisha linalojisasisha lenyewe linaweza kuharibu ushahidi kabla mtu hajautazama.

Kitu kimoja zaidi ningekidai tangu toleo la kwanza: kubofya baiti na kuitegea mtego, ili programu isimame pindi baiti hiyo inapoandikwa. Prosesa za x86 zina rejista 4 za anwani kwa kazi hiyo, kwa hiyo programu haipungui kasi. Tega kwenye baiti ile ya E8 na uendeshe programu upya. Itasimama kwanza pale salio linapowekwa 1000, kisha ndani ya strcpy, na ngazi moja juu yake katika orodha ya miito utauona mstari ulionakili jina la Mwanaidi.