Afisa wa Zimamoto Anaporudi Darasani

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria, ikiwa imekaribia kabisa uwanja wa Bukoba. Ilibeba watu 43. Wavuvi ndio waliowahi, kwa mitumbwi na makasia yao. Watu 24 walipona, 19 wakafariki.

Maswali yaliyofuata hayakuhusu ushujaa. Boti ya uokoaji iko wapi? Nani anatoa amri pale ziwani? Nani anajua simu ya nani? Askari hodari kuliko wote wa kushika mpira wa maji hawezi kuyajibu peke yake, kwa sababu majibu yake hupangwa mezani miezi kadhaa kabla, kwenye bajeti na mipango. Hiyo ndiyo kazi inayowarudisha darasani maafisa wa zimamoto, wauguzi wa dharura na waratibu wa maafa wa wilaya, kutafuta shahada ya uzamili.

Ila ipi?

Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kinafundisha uzamili wa usimamizi wa hatari za maafa. Kwa mtu aliyeona Katesh baada ya Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang lilipofunika nyumba na soko na kuua zaidi ya watu 80, faida ya kusomea mambo haya chuo cha ardhi na makazi haihitaji maelezo marefu. Swali la nani amejenga wapi, na maji yatapita wapi mvua ikizidi, hutangulia swali la gari la uokoaji. Ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kinafundisha usimamizi wa maafa hadi ngazi ya uzamivu.

Tiba ya dharura ni njia nyingine kabisa. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo mwaka 2010. Ni masomo ya miaka mitatu, ya daktari anayetaka kubaki na mgonjwa. Anayetaka kuendesha huduma ya magari ya wagonjwa ya mkoa mzima atafute kwingine.

Na kwingine huko mara nyingi ni mahali ambapo waombaji wengi hupapita bila kutazama: uzamili wa utawala wa umma, kama ule wa Mzumbe, Morogoro. Jina lake halina moshi wala king'ora. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na mkuu wa kituo asiyejua fedha za halmashauri zinavyoombwa na kuidhinishwa ataingia kwenye vikao hivyo na hoja nzuri, atoke mikono mitupu. Kwa aliyekwisha kutumikia kikosi miaka kumi, moto anaujua tayari. Asichokijua ni mafaili.

Kabla ya kulipa ada, mwombaji aende maktaba ya chuo asome tasnifu za waliomtangulia. Zikiwa zimejaa nadharia za mbali, atajua. Akikuta mtu amehesabu mitumbwi ya mwalo mmoja, akaandika nahodha wake ni nani, na akapendekeza wavuvi wapigiweje simu ndege ikianguka majini, hapo akachukue fomu.