Utangulizi: Njia ya Uhuru Ilivyopita Meru na Embu

Taaluma unayoingia inachunguza namna serikali ya kikoloni ilivyoachia madaraka nchini Kenya: ilimpa nani kura, ilimpa nani ardhi, na ilificha nini ilipofunga virago. Wengi huanzia mikutano ya Lancaster House, London, iliyofunguliwa Januari 1960. Mimi nakusihi uanzie mitaa iitwayo Majengo katika miji ya Meru na Embu. Huku utaona wazi kwamba serikali ilipokuwa ikitoa madaraka, ilikuwa pia ikichagua wa kuyapokea.

Tazama kura. Machi 1957, hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kukabili uasi dhidi ya ukoloni ikiwa bado haijaondolewa, Waafrika walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura bila hati ya utiifu kwa serikali. Bernard Mate wa Meru alimshinda mgombea mwenzake Eliud Mathu katika Mkoa wa Kati. Tuuheshimu ushindi huo, ila tuulize pia waliokuwa kizuizini chini ya hali hiyo ya hatari wangempigia nani.

Tazama ardhi. Mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, uitwao Mpango wa Swynnerton, wa 1954 uliunganisha vishamba vilivyotawanyika ili wenyewe wapewe hatimiliki. Madai mengi yalisimama juu ya ukoo. Je, mkazi wa Majengo asiye na ukoo wa kumsemea aliangukia wapi? Swali hilo linastahili mtafiti wake.

Tazama mipaka. Baada ya tume ya mipaka ya 1962, Meru na Embu zilitolewa Mkoa wa Kati zikaingizwa Mashariki, na siasa za uhuru zikaanza kwa ramani mpya.

Ushahidi nao una historia yake. Kabla ya uhuru wa Desemba 1963 maofisa wa kikoloni waliteketeza nyaraka nyingi na kusafirisha nyingine Uingereza. Mwaka 2011 ilibainika kwamba hizo zilizosafirishwa zilikuwa zimehifadhiwa Hanslope Park, kituo cha serikali ya Uingereza. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari.

Kwa hiyo soma mafaili ya Nairobi na London, lakini usiyaamini peke yake. Nenda Majengo, waamkie wazee, omba ruhusa, uwarekodi. Walioshuhudia miaka hiyo wakiwa watu wazima wamebaki wachache, na kazi hii haiwezi kuahirishwa.