Je, Wajua? Kidonda Nacho Kina Njaa

Ukipungua uzito haraka baada ya upasuaji, usikimbilie kushangilia: huenda kilichoondoka si mafuta bali misuli. Katika miaka ya 1930 mtafiti Mskoti, David Cuthbertson, alipima mkojo wa watu waliovunjika miguu, akakuta naitrojeni nyingi mno, mabaki ya protini iliyovunjwa. Haikuweza kutoka mguuni peke yake. Mwili mzima ulikuwa ukijimega nyama, kama unavyofanya pia baada ya upasuaji.

Ndiyo maana wataalamu wa lishe humpendekezea anayepona upasuaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 84 hadi 105, na yai moja lina kama 6 tu! Supu ya kongoro, ile tunayowapelekea wagonjwa kwa mapenzi yote, haitoshi. Ongeza dagaa, maharage, maziwa. Pera nalo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na bila vitamini hiyo kovu halikazi.

Bado unataka kupungua uzito? Anza na soda, sukari ya chai na maandazi. Maharage yaache sahanini. Mwenye maradhi ya figo amwulize daktari kwanza.