Mashine ya Pumzi Ikichakaa

Wapo watu ambao koo lao huziba usingizini, hata pumzi ikakatika mara nyingi kwa usiku mmoja. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan wa Australia aliwaletea msaada: mashine ndogo isukumayo hewa puani ili koo lisizibe.

Tuseme baba mmoja wa Nguba, hapa Bukavu, anayo, nayo imechakaa, na mpya yapita mshahara wake. Afanyeje? Kwanza atazame barakoa, mpira wa hewa na kichujio. Pengine hivyo tu ndivyo vibovu, na bei yake si kubwa. Akilazimika kununua mashine iliyokwisha kutumika, asome aina na namba yake, maana mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mashine zake nyingi, kwa kuwa sponji ya ndani yaweza kumomonyoka na kuvutwa mapafuni. Aulize pia kama yakubali betri, kwani umeme wetu hukatika. Nguvu ya hewa na aipange daktari.

Wakati wa kungoja, alale ubavu, wala asinywe pombe jioni. Nanyi watoto wake, changeni: amri ya nne haikomi mkiwa wakubwa.